Taa mahiri au njia ya mabasi? Ulinganisho kwa jiji linalotaka kupunguza foleni na moshi

Jiji likianza kutafuta dawa ya foleni, mezani hufika mapendekezo ya namna mbili. Namna ya kwanza huja na skrini: taa zinazojipangia muda zenyewe, kituo cha udhibiti chenye ukuta mzima wa video, vihisi vilivyozikwa kwenye lami, programu ya simu inayomwonyesha dereva mahali pa kuegesha. Namna ya pili huja na mchoro wa barabara: njia hii wapewe mabasi, ukingo huu upanuliwe kwa wanaotembea kwa miguu, mtaa ule ufungwe magari yasikatize. Ya kwanza hupigiwa makofi na kukatiwa utepe. Ya pili huleta ugomvi, kwa kuwa kuna mtu anayenyang'anywa nafasi na anajua kabisa kwamba ananyang'anywa.

Hapa nimeyalinganisha mawili mawili, kwa sababu ndivyo uamuzi unavyowafikia madiwani na wahandisi: fedha ni hizi, mradi ni huu au ule. Upande ninaoegemea nausema mapema. Teknolojia hutumikia mpangilio wa barabara inaoukuta. Ikikuta barabara iliyopangwa kwa ajili ya magari binafsi, itahudumia magari binafsi vizuri zaidi, na yataongezeka. Ikikuta barabara iliyopangwa kwa mabasi, baiskeli na miguu, nguvu yake itakwenda huko. Ndiyo maana mara nyingi nachagua rangi na zege kabla ya programu, ingawa zipo sehemu ambazo nimeamua kinyume.

Taa zinazojirekebisha na njia ya mabasi

Taa za kawaida hufuata ratiba iliyoandikwa na mhandisi: kijani sekunde kadhaa huku, nyekundu kule, asubuhi hivi na jioni vile. Taa zinazojirekebisha huhesabu magari yanayokuja, kwa nyaya zilizolazwa chini ya lami au kwa kamera, kisha hugawa upya muda wa kijani na kuyaoanisha makutano yanayofuatana. Anayekuuzia kama jambo la kesho anakuficha historia. Mfumo wa SCATS wa Sydney na ule wa SCOOT wa Uingereza vyote vina asili ya miaka ya 1970. Kipya ni uwezo wa kompyuta. Pittsburgh, mwaka 2012, mfumo wa Surtrac ulijaribiwa kwenye makutano 9, na waliouunda katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliripoti kwamba muda wa safari ulipungua kwa kama robo.

Robo ya muda si kitu cha kudharau. Gari lisilosimama sana halichomi mafuta bure, na dereva anafika mapema. Tatizo huanza baadaye. Barabara ikipungua foleni, aliyekuwa akiondoka alfajiri kuikwepa ataondoka saa ya kawaida. Aliyekuwa akipanda basi atawasha gari. Aliyekuwa akinunua vitu karibu na kwake ataenda mbali. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner, katika utafiti wao wa mwaka 2011 kuhusu miji ya Marekani, waliona kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na urefu wa njia zinazoongezwa. Wao walipima barabara, hawakupima taa, lakini mlango ni uleule: muda uliookolewa ni mwaliko kwa wengine kuja. Houston iliikamilisha barabara ya Katy mwaka 2008 ikiwa miongoni mwa barabara pana kuliko zote duniani, na miaka michache baadaye safari za saa za msongamano zilikuwa zimeanza kurefuka tena.

Njia ya mabasi hufanya hesabu tofauti. Haiulizi magari mangapi yamepita, inauliza watu wangapi. Chama cha maafisa wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini, NACTO, kinatoa makadirio haya kwa njia moja ya barabara yenye upana wa mita 3 hivi:

| Njia inatumiwa na | Watu kwa saa |
|---|---|
| Magari binafsi | 600–1,600 |
| Magari yakichanganyika na mabasi ya mara kwa mara | 1,000–2,800 |
| Mabasi peke yake | 4,000–8,000 |
| Baiskeli, njia iliyotengwa ya kwenda na kurudi | 7,500 |
| Watembea kwa miguu | 9,000 |
| Mabasi au tramu kwenye barabara yao yenye vituo maalumu | 10,000–25,000 |

Mstari wa kwanza uwekee kidole, kisha ushuke nao taratibu. Hakuna algoridhimu ya taa inayoweza kuruka kutoka 1,600 hadi 8,000, kwa sababu kinachojaza barabara ni ukubwa wa gari linalobeba mtu mmoja au wawili.

Curitiba, Brazili, ilianza na njia zake za mabasi mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa msanifu majengo. Bogotá, Kolombia, ilifungua mfumo wake wa mabasi, TransMilenio, mwishoni mwa mwaka 2000, Lagos ikafuata mwaka 2008, Dar es Salaam mwaka 2016. Udhaifu wake ni wa kweli na usifichwe. Njia ya mabasi isiyo na ulinzi hugeuka kuwa njia ya wenye haraka na wenye vyeo. Na Bogotá imeonyesha kwamba mradi ukifanikiwa bila kuongeza mabasi na njia za ziada, abiria hubanwa mpaka wakachukia kile kile kilichowakomboa.

Ila ukichunguza miji iliyofanya vizuri utaona kwamba mashindano haya ya taa na njia ya mabasi ni ya uongo kidogo. Zurich iliwauliza wapiga kura wake mwaka 1973 kama wanataka treni ya chini ya ardhi, walikataa. Jiji likaamua kuzitia kasi tramu na mabasi yaliyokuwapo juu ya ardhi: njia zao zikatengwa, na vihisi vikawekwa ili tramu inapokaribia makutano iombe kijani na ikipate. Vihisi hivyo kwa asili yake ni jamaa ya vile vinavyohesabu magari. Tofauti ni nani amepewa haki ya kuomba kijani. Copenhagen nayo, kwenye barabara ya Nørrebrogade, ilizipanga taa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ili mwendesha baiskeli wa asubuhi anayekwenda mjini akutane na kijani mfululizo. Hapo hata akili ya kompyuta haikuhitajika sana. Ilitosha kubadilisha kasi ambayo ratiba ya taa inaihesabia.

Kwa hiyo anayechagua asianze na swali la mfumo upi una akili zaidi. Aulize mfumo unapima nini. Kama programu inapunguza "ucheleweshaji wa magari", basi la watu 80 na gari la mtu mmoja ni sawa machoni pake, na hapo jiji linanunua ubaguzi wa kisasa. Kama inapunguza ucheleweshaji wa watu, taa mahiri zina thamani. Fedha zikitosha jambo moja tu, mimi ningetenga njia ya mabasi kwanza, kisha kipaumbele cha basi kwenye taa, kisha kamera za kuwanasa wanaoivamia. Taa za jiji zima zije baadaye.

Tozo ya kuingia katikati ya jiji na bei ya maegesho

Hapa tuko kwenye vifaa viwili vinavyogusa mfuko wa dereva. Kimoja humtoza anapovuka mstari, kingine humtoza anaposimama.

Tozo ya msongamano huonekana kama jambo la kamera na kompyuta, ila Singapore ilianza nayo mwaka 1975 kwa karatasi. Dereva alinunua leseni, akaibandika kwenye kioo cha mbele, na wakaguzi walisimama kwenye malango wakitazama kwa macho. Mashine za kutoza kielektroniki zilifungwa mwaka 1998, miaka 23 baadaye. London ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku na kamera zinazosoma namba za magari. New York ilianza Januari 2025 kwa dola 9 saa za mchana, baada ya miaka ya kesi na kuahirishwa. Na wazo lenyewe lina umri: William Vickrey, mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia cha mjini New York humo humo, alikuwa akilipigia debe tangu miaka ya 1950. Alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 1996 na akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Stockholm. Jiji lilifanya jaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, likasimamisha tozo, kisha likawaita wananchi kupiga kura Septemba. Magari yanayovuka mpaka wa eneo yalipungua kwa kama moja ya tano. Kabla ya jaribio wengi walipinga. Baada ya kuuona mji wao ukipumua, wengi wa wakazi wa jiji walikubali, na tozo ikarudi rasmi Agosti 2007. Jambo linalosahaulika na wanaoinakili ni kilichotangulia: miezi kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kutoza, Stockholm iliongeza karibu mabasi 200. Mtu aliyeamua kuliacha gari alikuta pa kupanda.

London inatoa onyo la upande wa pili. Magari yanayoingia yalipungua na kubaki chini, ila mwendo wa yaliyobaki ulishuka tena baada ya miaka. Maelezo ya mamlaka ya usafiri yalikuwa kwamba nafasi iliyopatikana ilikwenda kwa mabasi, wanaotembea na kazi za mabomba. Kwa dereva huo ni usaliti, kwa mpangaji wa mji ndiyo faida yenyewe. Ni vizuri jiji liamue mapema litawaambia nini watu, kwa sababu ukiahidi kasi ya magari utashikwa shati kwa kasi ya magari.

Bei ya maegesho haina fahari. San Francisco iliijaribu kwa kiwango kikubwa kuanzia mwaka 2011, katika mradi wa SFpark. Vihisi maelfu vilizikwa barabarani, kimoja kwa kila nafasi ya gari, na bei ikawa inapandishwa au kushushwa mtaa kwa mtaa, lengo likiwa nafasi chache zibaki wazi muda wote ili dereva asizunguke akitafuta. Bei ilifanya kazi. Vihisi vilichoka. Mwishoni mwa mwaka 2013 vilizimwa, na jiji likaendelea kurekebisha bei kwa kutumia kumbukumbu za malipo za mashine za maegesho, data ambayo tayari ilikuwa nayo. Ningependa kila anayeandaa zabuni ya vihisi asome sentensi hiyo mara mbili.

Ukiviweka sambamba: tozo humgusa hata anayepita tu bila kusimama, na ndiyo nguvu yake. Bei ya maegesho humkosa huyo, na humkosa mwenye nafasi ya bure chini ya jengo la ofisi yake. Lakini maegesho huanza na sheria ndogo, mashine za malipo na wakaguzi, huweza kuanzia mtaa mmoja, na kosa la bei hurekebishwa bila mji mzima kutikisika. Tozo huhitaji sajili ya magari inayoaminika, kwa sababu kamera ikisoma namba isiyo na mwenye gari anayefahamika, imepiga picha ya bure. Huhitaji pia sheria ya kulinda kumbukumbu za nani alipita wapi lini.

Jiji lenye mabasi dhaifu lianze na maegesho. Tozo mahali pasipo na usafiri mbadala huwa adhabu kwa asiye na la kufanya, na mwanasiasa anayefuata ataifuta kwa shangwe. Jiji lenye mabasi mazuri na katikati iliyoziba liende kwenye tozo moja kwa moja, lijaribu kwa miezi kama Stockholm, na fedha zipelekwe kwenye mabasi kwa maandishi.

Umeme: gari, basi, baiskeli

Hapa sitakaa sana, maana swali moja linatatua nusu ya mambo. Unataka kupunguza moshi peke yake, au moshi na foleni pamoja?

Gari binafsi la umeme halina bomba la moshi, na injini yake hupoteza nishati kidogo sana ikilinganishwa na ya petroli. Hayo ni mema. Barabarani linachukua nafasi ileile, maegesho yaleyale, na vumbi la matairi linabaki. Kuyabadilisha magari yote ya mji yawe ya umeme ni kupata foleni ileile isiyo na harufu.

Basi la umeme ni chaguo bora kwa fedha za umma, kwa sababu linafanya kazi kutwa. Kila kilomita ya dizeli iliyoondolewa inahesabika, safari zake zinajulikana, na usiku linalala karakana moja ambako linaweza kuchajiwa. Shenzhen, China, ilifikisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kwenye umeme kufikia mwisho wa mwaka 2017. Kinachowakwamisha wanaofuata mara nyingi si basi lenyewe. Ni laini ya umeme ya kuingia karakana. Mabasi 100 yakichomekwa usiku mmoja yanadai umeme wa kiwanda, na maombi ya transfoma huchukua muda mrefu kuliko meli ya kuyaleta mabasi. Anayeagiza mabasi kabla ya kuzungumza na shirika la umeme atakuwa na mabasi mapya yaliyoegeshwa vizuri.

Baiskeli, ya kawaida au ya umeme, ndiyo ya bei ndogo kwa kila safari fupi, na inahitaji kitu ambacho programu haiwezi kukitoa: njia yenye ukingo unaomzuia dereva. Mifumo ya kuazima baiskeli kama Vélib' ya Paris, iliyoanza mwaka 2007, ilitegemea teknolojia kweli: kadi, vituo, vifungo vya kielektroniki. Skuta za kukodi zilizoachwa popote zilitegemea teknolojia pia, na Paris iliziondoa mwaka 2023 baada ya kura ambayo asilimia 89 ya waliojitokeza walizikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya wapiga kura. Mahali pa kuziweka palikuwa njia za miguu, na hakuna aliyewauliza wanaotembea.

Programu ya kuita usafiri na basi la ratiba

Hili ndilo eneo ambalo wauzaji huvutia kuliko mengine yote. Kwa nini abiria asubiri kituoni wakati simu inaweza kumletea kibasi mpaka mlangoni, kikiwachukua na jirani zake wanaokwenda upande uleule?

Helsinki ilijaribu kwa uaminifu. Kutsuplus, huduma ya vibasi vya kuitwa kwa simu, ilianza mwaka 2012. Waliotumia waliipenda. Ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2015 kwa sababu ya gharama. Helsinki hiyo hiyo ilikuwa nyumbani kwa Whim, programu iliyoanza mwaka 2016 kwa ahadi ya kuunganisha basi, teksi, baiskeli na gari la kukodi kwenye malipo ya mwezi mmoja. Kampuni yake ilifilisika mwaka 2024.

Sababu iko kwenye hesabu, wala si uzembe wa Wafini. Kibasi cha kuitwa hufuata watu, na kila mtu anapoongezeka safari inajipinda zaidi. Dereva mmoja huhudumia watu wachache tu kwa saa, hata programu iwe na akili kiasi gani. Basi la njia moja iliyonyooka ni kinyume: abiria wakiongezeka, jiji linaongeza basi, muda wa kusubiri unapungua kwa wote, na abiria wengine wanavutika. Mchumi Herbert Mohring aliieleza tabia hii mwaka 1972. Kwa hiyo mfumo mmoja hudhoofika ukipendwa, mwingine huimarika ukipendwa.

Houston, ileile ya barabara ya Katy, ilifanya jambo lisilo na kifaa chochote Agosti 2015. Ilichora upya njia zake zote za mabasi usiku mmoja, kwa msaada wa mshauri Jarrett Walker. Njia nyingi zilizokuwa zikielekea katikati ya mji kwa kujipindapinda ziligeuzwa kuwa gridi ya njia zilizonyooka, zenye mabasi ya mara kwa mara siku zote za wiki, kwa gharama za uendeshaji zisizopishana sana na za awali. Vilivyotumika vilikuwa takwimu za abiria, ramani na ujasiri wa kumwambia mtu kwamba kituo chake kimesogea.

Je, usafiri wa kuitwa hauna mahali? Unapo: usiku wa manane, vitongoji vyenye nyumba zilizotawanyika, na kwa watu wenye ulemavu ambao kituo cha barabarani hakiwafai. Uwekewe mipaka hiyo kwenye mkataba na kiwango cha ruzuku kwa safari, usiachiwe ukameza bajeti ya basi la shina, yaani lile la njia kuu yenye abiria wengi.

Sasa nageuka, kama nilivyodokeza mwanzoni. Ipo teknolojia katika eneo hili ambayo ningeinunua hata kabla ya lami mpya, nayo ni kadi ya nauli ya pamoja na data ya safari iliyo wazi.

Seoul ndiyo shahidi. Kabla ya Julai 2004 kampuni binafsi za mabasi ziligombea abiria barabarani, kila moja ikiishi kwa nauli ya siku hiyo. Mageuzi ya mwaka ule yaliweka nauli zote kwenye kadi ya T-money, abiria akalipa kwa umbali hata akibadilisha basi au kuingia treni, na kampuni zikaanza kulipwa kwa kilomita zinazoendesha. Njia za mabasi zikawekwa katikati ya barabara kuu. Majuma ya mwanzo yalijaa malalamiko. Lakini fikiria kilichofanyika: bila kadi inayojua ulipandia wapi na ukashukia wapi, huwezi kugawa mapato, na usipoweza kugawa mapato huwezi kumwambia dereva aache kukimbizana na mwenzake kituoni. Hapa kifaa ndicho kilichofungua mlango wa mpangilio. Kama mji wako una mamia ya wenye mabasi wadogo wanaogombea abiria, kadi ya pamoja na mkataba wa kulipa kwa kilomita vinaweza kuleta zaidi kuliko barabara mpya.

Data nayo ni rahisi kuliko watu wanavyoambiwa. Muundo wa faili wa kuandika njia, vituo na ratiba, ambao leo ramani nyingi za simu huusoma, ulianzia Portland mwaka 2005 kwa ushirikiano wa shirika la usafiri la huko na Google. Nairobi, ambako matatu hazikuwa na ramani rasmi, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia na kampuni ya Groupshot walitoa ramani mwaka 2014: wanafunzi walipanda magari wakiwa na simu, wakarekodi kila njia na kila kituo. Hapakuhitajika kituo cha udhibiti.

Ramani ya simu na mpango wa mzunguko

Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Programu za kuelekeza madereva humtafutia kila mmoja njia ya haraka kwake, na mara nyingi njia hiyo ni mtaa wa makazi wenye shule. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, karibu na daraja la George Washington, ulichoshwa na hali hiyo na Januari 2018 ukafunga mitaa yake kadhaa kwa wasio wakazi saa za msongamano. Hilo ni suluhisho la mabango na faini, na lilivuta mabishano ya kisheria.

Ghent, Ubelgiji, ilichukua njia nyingine Aprili 2017: mpango wa mzunguko, yaani kuamua upya magari yapite wapi mjini. Mji wa ndani uligawanywa katika maeneo 6 yanayolizunguka eneo la wanaotembea kwa miguu. Gari linaweza kufika eneo lolote, ila haliwezi kutoka eneo moja kuingia la jirani moja kwa moja. Ni lazima litoke mpaka barabara ya kuzunguka mji, kisha lirudi ndani. Baiskeli na mabasi hupita. Vizuizi vingi ni vyungu vya maua na mabango, na pale ambapo mabasi na magari ya dharura lazima yapite kuna kamera za kusoma namba. Programu ya ramani haikukatazwa kitu. Barabara ilipobadilika, ramani ilibadilika yenyewe.

Kwa mji wenye barabara ya kuzunguka iliyo imara, mpango wa namna ya Ghent ni ushindi wa wazi. Kwa mji usio na barabara hiyo, magari yatakayofukuzwa yatarundikana kwenye makutano mawili matatu, na basi litakwama humo humo. Huko anza na eneo dogo, kama Barcelona ilivyofanya katika mtaa wa Poblenou mwaka 2016 kwa kuunganisha vitalu vichache vya nyumba na kuyaelekeza magari yapite pembeni yake.

Kituo cha udhibiti na magari yanayojiendesha

Kituo cha udhibiti cha Rio de Janeiro, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa IBM, kilizaliwa kutokana na mafuriko na maporomoko ya mwaka huo, na kwa dharura za aina hiyo kuna maana kuwaketisha wahandisi, polisi na wazima moto chumba kimoja. Kwa foleni za kila siku, kukodolea macho foleni hakuipunguzi. Ukubwa wa skrini usiwe kigezo.

Magari yanayojiendesha yapo kweli, yanabeba abiria Phoenix na San Francisco. Mpangaji wa mji hana sababu ya kuyasubiri. Yakija kwa wingi yatakuwa magari, tena mengine yatatembea matupu.

Kama fedha ni za jambo moja

Mji wenye barabara pana zilizojaa magari na mabasi yaliyokwama humo: tenga njia ya mabasi, taa ziitii, kamera ziilinde. Mji wenye mabasi mengi madogo yasiyo na uratibu: kadi ya pamoja na mikataba ya kilomita, ukianza na kurekodi njia zilizopo kwa simu. Mji wenye mabasi mazuri na katikati iliyoziba: tozo kwa majaribio. Mji mdogo ambao safari nyingi hazizidi kilomita 5: mpango wa mzunguko na njia za baiskeli, na nadhani huko programu yoyote ni anasa.

Kama mkataba wa mfumo mahiri umekwisha kuamuliwa juu na wewe umeletewa tu kuuandika, bado kuna vipengele vya kupigania. Data iwe mali ya jiji na itolewe katika muundo ulio wazi, ili mzabuni akiondoka asiondoke na kumbukumbu. Bei itaje matengenezo na betri za vihisi kwa miaka yote ya mkataba. Taa ziendelee kwa ratiba ya kawaida mtandao ukikatika. Mzabuni aonyeshe, kwenye makutano halisi na saa ya msongamano, basi lililojaa likipewa kijani mbele ya safu ya magari. Akisema mfumo unaweza ila kipengele hicho kinauzwa peke yake, kiingizwe kwenye bei ya msingi kabla ya kusaini.